Coccinelle Watatu

Juzi nilikuwa nasafisha dirisha la chumbani kwangu, hapa Barking ninapoishi, nikakuta kwenye pembe ya fremu wamejikusanya wadudu wekundu wenye madoa meusi. Walikuwa wamebanana kama punje za mtama, wanasubiri baridi ipite. Nikawapitia na kitambaa, na mmoja wao akaniachia utomvu wa manjano kidoleni. Nikanusa. Wanaoijua harufu hiyo hawahitaji kuelezwa, na wasioijua niwaambie tu kwamba ni kali, chungu, kama jani bichi ulilolipondaponda kwenye chuma chenye kutu. Nilikaa kitandani na kitambaa changu kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyostahili. Mwanangu akapita mlangoni, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama naumwa. Nikamwambia sijambo. Kumbe mwenzake nilikuwa Hounslow, nina miaka minane, na nina yakini kwamba nimemuua baba yangu.

Kiangazi kile mvua ilikataa kabisa. Nyasi za bustani zilikauka zikawa rangi ya makuti, na majirani zetu Waingereza, ambao kwa kawaida hawakutusemesha, walisimama barabarani wakilalamika na yeyote aliyepita, hata sisi. Hounslow nzima ilikuwa imefungua madirisha. Sisi tu ndio tulikuwa tumefunga. Mama hakutamka neno Unguja bila kwanza kuinuka, kufunga dirisha, na kuvuta pazia. Kuta zina masikio, alikuwa akisema, na mimi nilizigonga kuta zile kwa vidole nikitafuta masikio yenyewe yako wapi. Ndege zilipita juu yetu zikishuka uwanjani, vikombe vikitetemeka kabatini, na sisi tumo ndani tunatoka jasho kama mkate ndani ya tanuri, tunazungumza kwa kunong'ona habari za watu walio mbali kiasi kile.

Baba alikuwa karani wa bandari. Ilikuwa miaka ile ya baada ya mapinduzi ambayo nyinyi wa rika langu mliisikia kama mimi, kwa vipande, nyuma ya mlango. Mpango ulikuwa Mama na mimi tutangulie, yeye afuate. Siku chache kabla ya safari yake walikuja kumchukua kazini. Hakuna aliyesema kosa lake. Miaka miwili ilikuwa imepita, na tulichojua ni kwamba yuko ndani, na kwamba Bibi, mama yake, humpelekea chakula na kanzu safi, akaviacha getini bila kuruhusiwa kumwona.

Mama alimwandikia Bibi kila mwezi. Mtazikumbuka barua zile za bluu za ndege, ambazo karatasi yenyewe ndiyo bahasha, unakunja na kubandika kingo. Kila mtu alijua kwamba barua za kutoka Ulaya hufunguliwa zikifika kule, zikasomwa na watu wasioandikiwa. Kwa hiyo Mama aliandika salamu tupu. Wa baada ya salamu, sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni juu yenu. Hali ya hewa ni joto. Mtoto anasoma vizuri. Mnisalimie wote wanaoniuliza. Ungeweza kuisoma barua ya Mama kuanzia juu mpaka chini na usijue kama mwandishi ana mume. Mimi nilipewa kazi ya kulamba gundi, kubandika, na kuipeleka kwenye sanduku jekundu la posta pembeni ya barabara. Kazi hiyo niliiringia sana.

Chumba cha juu cha nyumba yetu alipanga Bi Echata. Alikuwa Mngazija, kazaliwa Moroni, kakulia Unguja, mumewe alishafariki, na alikuwa akisomesha Kifaransa shuleni. Shule zilipofungwa na Mama akiwa kazini kwenye dobi kubwa karibu na uwanja wa ndege, kufua na kukunja mablanketi ya abiria, mimi niliachwa kwa Bi Echata kutwa nzima. Alikuwa na kamusi nene iliyopoteza jalada, aliyoifunga kwa ukanda wa kanga. Chochote ulichokiuliza alifungua ukanda kwanza ndipo akajibu, hata kama jibu analo kichwani.

Kiangazi kile ndipo walipokuja wadudu. Walikuwa maelfu. Walijaa kwenye kuta, kwenye kamba za nguo, kwenye mikate ya watu. Walikuwa na kiu, wakauma. Watoto wa shule waliwaita ledibedi na kuwakanyaga kwa mafungu. Mama aliwaita vidudu tu, akawafagia. Siku moja tumekaa kizingitini mwa mlango wa nyuma, nikasikia mmoja anatambaa shingoni mwangu, nikainua kiganja nimpige. Bi Echata akanidaka mkono hewani.

"Tulia! Huyo hauawi."

"Ananiuma shingo, Bi Echata."

"Ana kiu tu. Mwache, atajiendea."

Akampandisha mdudu kwenye ncha ya kidole chake, akaniambia Wafaransa humwita coccinelle. Nikajaribu: koksinel. Akanisahihisha mara nne, na nilipoipata akaniambia ngoja, akaenda juu, akarudi na kamusi, akafungua ukanda.

"Umeona? Neno hili limetoka kwa Walatini, na Walatini wamelichukua kwa Wayunani. Asili yake ni punje. Zamani watu walikuwa wakichuma punje nyekundu kwenye miti, wakizisaga kupata rangi ya nguo za wafalme. Wakasema haya ni matunda. Kumbe, mwanangu, walikuwa wadudu, wamejibanza kwenye tawi wametulia tuli. Watu wazima na ndevu zao, wanachuma wadudu, wanawaita matunda!" Alicheka mpaka mdudu akaruka. "Basi rangi ile ndiyo iliyompa huyu jina lake. Coccinelle, kijekundu."

"Ndiyo maana yake tu?"

"Hiyo ni ya vitabuni. Wale bibi wa mashambani wana jina lao. Wao husema bête à bon Dieu. Mdudu wa Mungu Mwema."

Nikamwuliza kwa nini wa Mungu Mwema, maana wadudu wote ni wa Mungu, hata mende. Hapo ndipo aliponihadithia. Zamani huko Paris mtu mmoja alihukumiwa kukatwa kichwa kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Akalia, akaapa, hakuna aliyemsikiliza. Akapigishwa magoti, kichwa juu ya gogo, mwenye shoka akainua. Mdudu mwekundu akatua pale pale, shingoni. Mwenye shoka akampunga, akaruka, akarudi. Akampunga tena, akarudi. Mara ya tatu akarudi vilevile. Mfalme alikuwepo anatazama. Akasema, teremsha shoka lako, huyu ana wakili wake. Yule mtu akaachiwa, na siku chache baadaye muuaji wa kweli akapatikana.

Sasa lazima mjue mimi nilikuwa mtoto wa chuo cha Kurani. Nilikuwa nimeshafundishwa jinsi buibui alivyotanda utando wake kwenye mlango wa pango alimojificha Mtume, na maadui wakafika, wakauona utando, wakasema hapa hajaingia mtu, wakapita. Jambo la mdudu kumwokoa mtu halikuwa geni kwangu hata kidogo. Lilikuwa elimu.

"Kama buibui wa pangoni?" nikamwuliza.

Bi Echata alisita. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba kusita kule kulimkosesha usingizi. Lakini alikuwa amefurahi na hadithi yake, na joto lilikuwa kali, na mtoto alikuwa anamtazama kwa macho makubwa.

"Kama buibui," akasema.

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, alikuja mgeni kutoka Thornton Heath. Alikuwa mtu wa nyumbani, katoka Unguja mwezi ule ule. Mama alifunga dirisha, akavuta pazia, akanituma jikoni nikaoshe vyombo. Niliosha sahani moja. Nyingine zote nilizishika tu mkononi, maji yanatiririka kidogo kidogo ili nisikie.

"Kuna waliohukumiwa kifo," mgeni akasema. "Si wote. Majina hayajatoka."

"Na yeye yumo?"

"Sijui, dada yangu. Wallahi ningejua ningekwambia."

Sikusikia tena kitu mpaka mlango wa mbele ulipofungwa. Mama aliingia jikoni, akaona sahani ile moja kwenye rafu, wala hakunigombeza. Hilo lilinitisha kuliko maneno ya mgeni.

Mimi kifo cha kuhukumiwa nilikijua cha aina moja tu, cha Bi Echata. Nililala nikaona gogo na shoka, na Baba amepiga magoti kwa kanzu yake safi aliyoletewa na Bibi. Asubuhi nilikuwa nimeshajua la kufanya, na niliona ajabu watu wazima wote wale hawakulifikiria. Unguja sikukumbuka kumwona mdudu huyu hata siku moja. Huku tunao maelfu, wanafagiliwa! Hebu fikiria: dawa imejaa uani, na mgonjwa yuko ng'ambo.

Mama alikuwa ameshaandika barua ya mwezi, ameiacha mezani nibandike. Alipokwenda kazini nikatoka uani na chupa tupu ya jemu, nikachagua. Nilitaka watatu, kwa sababu mdudu wa Paris alirudi mara tatu, na nikaona ni bora wawe watatu wasaidiane kuliko mmoja achoke. Nilichagua wenye madoa saba. Nikawalaza kwenye pamba niliyoitoa kwenye kichupa cha vidonge, nikawawekea na tone la maji wasione kiu njiani. Chini ya salamu za Mama palikuwa na nafasi ndogo. Nikachukua kalamu, nikaandika kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika: Bibi, hawa watatu muwekeni Baba shingoni upesi kabla ya wenye shoka. Nikakunja, nikalamba, nikabandika, nikaipeleka sandukuni. Nilirudi nyumbani narukaruka.

Siku mbili nilikaa na siri yangu, nimeshiba nayo. Jumatano Mama alirudi kazini akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuvua viatu, machozi yanamtoka bila sauti. Sikuweza kuvumilia. Nikaenda nikamshika goti.

"Usilie, Mama. Baba hatokatwa. Nimeshampelekea wadudu."

"Wadudu gani?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, toka mwanzo, na Paris, na mfalme, na pamba. Mama aliinuka taratibu, akafunga dirisha, akavuta pazia, akarudi akachuchumaa mbele yangu.

"Rudia ulichoandika. Neno kwa neno."

Nikarudia.

"Umeandika shoka?"

"Ndiyo, Mama. Na sikukosea hata herufi."

Alitoka mbio. Nilimfuata mpaka kwenye sanduku la posta, nikamkuta ameliwekea mikono yote miwili kama mtu anayemzuia ng'ombe. Tulisimama pale kwenye jua mpaka alipokuja mtu wa posta na funguo zake. Mama akajaribu kumweleza kwa Kiingereza chake cha kazini. Yule mtu alikuwa mpole. Akasema barua ya Jumatatu, bibie, hivi sasa iko angani, kama haijatua. Mama akamshukuru. Alimshukuru mara mbili, kwa adabu kabisa.

Kisha akapanda juu kwa Bi Echata, nami nikabaki chini ya ngazi.

"Mtoto wa watu unamjaza hadithi za shoka! Hujui baba yake yuko wapi?"

"Mwanangu, mimi sikumwambia aandike."

"Hukumwambia asiandike! Barua zinasomwa, Bi Echata. Watu wameambiwa watafute siri za ng'ambo, sasa wanaletewa wadudu wekundu na amri ya shoka. Wamwulize nani? Watakwenda kumwuliza yeye!"

"Subhanallah," akasema Bi Echata. Nilisikia kiti kinaburutwa, kama vile mtu ametafuta pa kukaa.

"Wewe na kamusi lako," Mama akasema, na mlango ukafungwa.

Tangu siku ile hawakusemezana. Mimi sikupelekwa tena juu. Nilikwenda na Mama dobini, nikakaa juu ya rundo la mablanketi ya abiria yaliyokuwa na joto bado, nikitazama mashine zinazunguka. Mama hakunipiga wala hakunikaripia. Aliniambia mara moja tu, tumo ndani ya basi, anatazama mbele: "Mtu yeyote akiumia kwa barua ile, si kosa lako." Aliyasema kama mtu anayesoma kwa moyo. Na mimi hapo ndipo nilipojua kwa hakika kwamba ni kosa langu.

Barua ya Bibi ilikuwa ikija kila mwezi. Mwezi ule haikuja. Uliofuata haukuleta kitu. Mvua ilinyesha hatimaye, watu wakatoka nje wakaachia nyuso zao zilowe, na wadudu wakapotea kana kwamba hawakuwahi kuwepo. Siku moja nikakutana na Bi Echata kwenye ngazi, amebeba mfuko wa viazi. Nikamwamkia. Alipoitika nikamwuliza kama hadithi ile ilikuwa kweli.

Akaweka mfuko chini. "Kamusi inasema ni rangi nyekundu, mwanangu. Hilo ndilo ninalolijua. Hayo mengine watu waliyapenda tu, wakayashika." Kisha akalia, mtu mzima yule, na viazi vikabingirika ngazi hadi ngazi, tukaviokota pamoja.

Shule zilipofunguliwa mwalimu alituambia tuandike jinsi tulivyoipitisha likizo. Nilimpa karatasi nyeupe. Akadhani sijui kuandika Kiingereza, akanipeleka kwenye darasa la wanaojifunza. Sikumpinga. Nilikuwa nimeapa sitoandika tena neno lolote, kwa lugha yoyote, na nilitunza kiapo kile kuliko nilivyotunza saumu.

Telegramu ilifika Jumamosi asubuhi. Mama aliipokea mlangoni, akaishika muda mrefu bila kuifungua, kisha akaifungua kwa kuipasua vibaya hata ikabidi aunganishe vipande viwili ili asome. Akakaa chini, pale pale kwenye zulia la mlangoni, miguu ameinyoosha kama mtoto. Nikamnyang'anya vipande. MUMEO KATOKA. MZIMA. BIBI.

Nataka niseme ilivyokuwa, na sijui kama nitaweza. Kwa miezi ile yote kulikuwa na kitu kimenikalia kifuani, nimekizoea mpaka nikadhani ndivyo kifua kilivyo. Kilitoka. Nilipumua, nikaona pumzi inakwenda mpaka chini kabisa, tumboni. Nikasikia njaa. Nilikula wali sahani tatu siku ile, Mama ananitazama, hali yeye, anacheka na kujifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nilicheza nje mpaka magoti yakachubuka. Nikalala jua likiwepo bado, wala sikuota gogo.

Hata hivyo barua haikutajwa. Tulijua katoka, lakini hatukujua kapitia nini, na kila mmoja wetu alikuwa anaogopa jibu kwa niaba ya mwenzake. Mama alipanda ngazi siku ile hadi nusu, nadhani akampe Bi Echata habari, kisha akateremka.

Baba alifika majira ya baridi, kwa kupitia Mombasa, baada ya miezi ya kuzungushwa na karatasi. Mama aliyejua uwanja ule wa ndege kama jiko lake alipotea mara mbili. Akatokea mtu mwembamba ndani ya koti la kuazima, mikono ya koti imemfunika vidole. Nilikuwa namtafuta mtu mnene zaidi. Nikamwamkia shikamoo kama ninavyomwamkia mgeni, akaitika marahaba, akachuchumaa, akanishika mkono wa kulia, akautazama kiganja na vidole, kimoja kimoja. Sikuelewa anatafuta nini.

Nyumbani Mama alikuwa amepika wali wa nazi na mchuzi wa samaki. Baba alikula polepole, anasimama kila ndege ilipopita, kisha anaendelea. Alipomaliza akaosha mkono, akaniangalia.

"Wewe ndiye uliyeandika ile barua ya wadudu?"

Mama akaweka upawa chini. "Alikuwa mtoto," akasema upesi. "Hakujua. Mimi ndiye niliyeiacha mezani. Mimi ndiye wa kulaumiwa."

"Kumlaumu nani?" Baba akauliza. Alionekana hajaelewa kweli. "Mke wangu, mimi barua zako sikuona hata moja."

"Nimeandika kila mwezi."

"Najua. Mama yangu ameniambia nilipotoka. Zilikuwa za salamu, zikasomwa, zikapita zikaenda kwake. Na mimi Mama sikumwona, nilikuwa nikipokea mkebe tu na kanzu. Miaka miwili, sijui kama mlifika. Nilikuwa nikijiambia wamefika. Siku nyingine nilikuwa nikijiambia ndege imeanguka." Akaisogeza sahani pembeni. "Halafu siku moja wakaja kunitoa. Wameketi watu watatu, mezani pana karatasi ya bluu na wadudu waliokauka. Wananiuliza, fumbo hili la nani? Shoka ni nani? Hawa watatu ni akina nani? Nikatazama. Nikaona herufi zinapanda mlima, kubwa kubwa. Nikajua huu ni mkono wa mtoto. Na anasema Bibi, na anasema Baba. Basi ni baba gani mwingine wa kutajwa hapo? Nikajua wamefika. Wote wawili. Maana karatasi ile ile juu ina mkono wako."

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Nikaangua kilio mbele yao," Baba akasema. "Wakanirudisha. Wakanileta tena, na tena, wiki nzima, na Mama naye wakamwita, wakamkataza kuandika. Mwisho mmoja akasema, huyu mtoto anamtaka baba yake tu, tuacheni upuuzi. Baadaye wakatutoa, wengi kwa pamoja. Kwa nini, hatukuambiwa. Waliohukumiwa ni wengine, Mungu awarehemu. Mimi jina langu halikuwahi kuwemo."

Kama kulikuwa na zaidi katika wiki ile, hakutuambia, na mpaka anaingia kaburini sikuwahi kumwuliza. Bibi alishikilia mpaka mwisho kwamba ni wadudu waliomtoa. Mama alisema ni dua. Mimi nina mawazo yangu. Lakini siku ile, mezani pale, nilichokisikia ni kimoja tu: kwamba barua zote za tahadhari, zilizopimwa neno kwa neno, zilimpita, na ile moja iliyokosewa ndiyo iliyowekwa mbele ya macho yake. Sikuwa nimemuua mtu. Nilikuwa nimemwambia tumefika.

Mama akaanza kucheka. Kicheko kilianza kidogo, puani, kikamshinda, akainama juu ya meza akacheka kwa sauti ambayo sikuijua, ya msichana. "Salamu!" akasema. "Miaka miwili naandika hali ya hewa!" Kisha akainuka ghafla, akachukua sahani safi, akapakua wali mpaka ukamwagika pembeni, akachagua kipande cha samaki kilichokuwa kikubwa kuliko vyote, akatoka. Tukasikia nyayo zake kwenye ngazi, safari hii hazikusimama katikati. Mlango wa juu ukagongwa, ukafunguliwa. Halafu kikaanza kilio cha wanawake wawili kwa pamoja.

Baba alishtuka, uso umembadilika rangi, mikono tayari iko kwenye ukingo wa meza.

"Kuna nini huko juu? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Baba," nikamwambia. "Ni Mama na Bi Echata. Wanapatana."

Akasikiliza kwa muda, kichwa amekiinamisha. Kisha mabega yake yakateremka, akavuta kiti chake karibu na changu, akaniuliza kama wali ule umebaki.